Kurudi Uwanjani Baada ya Kukatika Ligamenti ya Goti: Mwongozo kwa Mchezaji wa Dar es Salaam

Mwongozo huu ni wa mchezaji aliyeumia ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo madaktari na wachezaji wamezoea kuiita ACL, pamoja na kocha wake na ndugu wanaomuuguza nyumbani. Haumlengi mchezaji wa klabu kubwa anayesubiriwa kila asubuhi na mtaalamu wa fiziotherapia, bali yule wa mchangani, wa ndondo, wa netiboli ya mtaani au wa mpira wa kikapu wa jioni, ambaye gharama anazibeba mwenyewe na ambaye swali lake la kwanza huwa ni lini atarudi kucheza. Tafiti zilizofanyika tangu mwaka 2010 zimelijibu swali hilo kwa namna isiyowafurahisha wengi: tarehe peke yake haimruhusu mtu kurudi, na anayerudi mapema bila kupimwa anajiweka katika hatari kubwa ya kuumia tena goti lile lile, au hata lile jingine.

Hatua ya 1: Siku ya kuumia

Mara nyingi ligamenti hii hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu. Anakimbia na kusimama ghafla, anageuka ilhali unyayo umeng'ang'ania chini, au anatua kwa mguu mmoja baada ya kuruka kupiga kichwa. Goti linaingia ndani, anasikia au anahisi kitu kimekatika, na baada ya saa chache goti limejaa. Uvimbe unaokuja haraka namna hiyo kwa kawaida ni damu iliyovuja ndani ya kiungo, na unastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu maumivu yanaweza kutulia baada ya siku chache na kumfanya mtu aamini kwamba amepona.

Mchezaji atolewe na asirudishwe katika mechi hiyo, hata kama anaweza kutembea. Goti lifungwe bandeji ya kubana kiasi, liwekewe barafu iliyozungushiwa khanga kwa dakika kumi na tano hadi ishirini, na mguu uinuliwe juu ya mto. Asipelekwe kwa mtu wa kuchua. Kuchua na kukanda kwa maji ya moto katika siku za mwanzo huongeza damu na uvimbe, na hakuna mkono unaoweza kuiunganisha ligamenti iliyokatika. Ikiwa hawezi kupiga hatua nne, au hawezi kulikunja goti hadi nyuzi tisini, apigwe eksirei siku hiyo hiyo ili kuangalia kama kuna mfupa uliovunjika.

Hatua ya 2: Kupata jibu la uhakika

Hapa ndipo wachezaji wengi hupotea. Eksirei huonesha mifupa na haioneshi ligamenti, hivyo jibu la kwamba picha haina tatizo halimaanishi kwamba goti ni zima. Kinachohitajika ni mkono wa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia aliyezoea magoti, ambaye hulikunja goti kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na kuuvuta muundi mbele kwa mkono mwingine ili ahisi kama unasogea kuliko wa upande wa pili. Kipimo hicho huitwa Lachman, hakihitaji mashine yoyote, na kikifanywa na mtu mwenye uzoefu kinaaminika sana. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, huthibitisha na, muhimu zaidi, huonesha kama kuna madhara mengine, hasa katika zile gegedu mbili za katikati ya goti zinazoitwa meniskasi.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam njia ya kawaida ni kuanzia katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu naye, yaani Amana, Temeke au Mwananyamala, na kuomba rufaa kwenda Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI. Mwenye bima aulize mapema kama MRI, upasuaji na vipindi vya fiziotherapia vyote vinalipiwa, kwa kuwa si ajabu mtu kujipanga kwa ajili ya upasuaji na kusahau kwamba baada yake kuna miezi ya mazoezi yenye nauli na gharama zake. Goti lililojifunga, lisilonyooka wala kukunjika kwa sababu kipande cha meniskasi kimeingia katikati, halisubiri foleni ya kawaida. Mgonjwa amweleze daktari jambo hilo mwanzoni kabisa.

Hatua ya 3: Kuamua kuhusu upasuaji

Imani iliyoenea viwanjani ni kwamba ACL ikikatika lazima ufanyiwe upasuaji, tena haraka. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2010 uliwagawa kwa kura vijana 121 waliokuwa wakishiriki michezo: kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema na kisha mazoezi, jingine lilianza na mazoezi na kupewa nafasi ya kufanyiwa upasuaji baadaye iwapo goti lingeendelea kulegea. Baada ya miaka miwili hali za magoti ya makundi yote mawili, kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe, hazikutofautiana. Baada ya miaka mitano, katika wale 59 walioanza na mazoezi, 30 walikuwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji, maana yake takribani nusu hawakuuhitaji. Wachezaji wa kulipwa hawakuwemo katika utafiti huo, na kwa hiyo unamhusu mchezaji wa mchangani kuliko unavyomhusu nyota wa ligi kuu.

Hii haina maana kwamba upasuaji ni kazi bure. Anayetaka kurudi katika mchezo wa kugeuka na kukata kona, kama soka, netiboli au mpira wa kikapu, na ambaye goti linamwachia hata anapotembea barabarani, ana sababu nzuri ya kuuchagua, kwa kuwa kila mara goti linapoachia linaweza kuichana meniskasi. Anayeweza kutosheka na kukimbia kwa mstari ulionyooka, kuogelea au kuendesha baiskeli ana sababu nzuri ya kujaribu mazoezi kwanza. Kwa maoni yangu, miezi mitatu ya mazoezi yenye usimamizi haipotei kwa yeyote ambaye meniskasi zake hazihitaji kushonwa mapema, kwani hata akifanyiwa upasuaji baadaye ataingia chumba cha upasuaji akiwa na paja lenye nguvu, na paja lenye nguvu kabla ya upasuaji hurahisisha kazi ya baadaye.

Kwa atakayefanyiwa upasuaji, lipo swali moja ambalo wagonjwa wengi hawaliulizi: kipandikizi kitachukuliwa wapi? Daktari hatumii ligamenti ya zamani. Hutengeneza mpya kwa kano iliyotolewa katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, aidha chini ya pia ya goti, au nyuma ya paja, au juu ya pia ya goti. Kano ya chini ya pia ya goti ni imara na imetumika kwa muda mrefu, lakini wengi waliochukuliwa hapo hupata maumivu wanapopiga magoti. Kwa Mwislamu anayesujudu mara nyingi kwa siku, kwa Mkristo anayepiga magoti ibadani, au kwa fundi wa kuweka vigae, jambo hilo si dogo na linapaswa kusemwa mbele ya daktari kabla ya kusaini fomu. Kano za nyuma ya paja humwacha mtu na upungufu wa nguvu katika misuli inayokunja goti, na mchezaji anayetegemea kasi aufahamu upungufu huo mapema.

Hatua ya 4: Wiki sita za mwanzo

Malengo ni matatu tu: goti linyooke kabisa, uvimbe upungue, na misuli ya mbele ya paja iamke. Uvimbe huizima misuli hiyo, kiasi kwamba mgonjwa anaiamuru ikaze na haikazi. Ndiyo maana kupunguza uvimbe ni sehemu ya mazoezi na si suala la starehe. Ili kunyoosha goti, kaa sakafuni, weka kisigino juu ya khanga iliyokunjwa ikawa nene ili nyuma ya goti pabaki wazi, kisha acha uzito wa mguu ulishushe goti kwa dakika kadhaa, mara kadhaa kwa siku, huku ukikaza paja na kuhesabu. Usilale na mto chini ya goti, hata kama ndivyo unavyopata nafuu, kwa kuwa goti lililozoea kukaa limekunjwa kidogo ni gumu kulinyoosha baadaye, na mtu asiyenyoosha goti huchechemea.

Nyumba zetu nazo zina mitihani yake. Choo cha kuchuchumaa humlazimisha mgonjwa kulikunja goti hadi mwisho huku limebeba uzito wote, jambo ambalo halifai katika wiki hizi, hasa kama meniskasi imeshonwa. Kiti cha plastiki kilichokatwa katikati, kilichosimama imara, hutatua tatizo hilo kwa gharama ndogo. Bodaboda iachwe kabisa, kwa kupanda kwake, kwa kushuka kwake na kwa ajali zake. Katika daladala asione haya kuomba kiti, na magongo asiyaache hadi atembee bila kuchechemea.

Shavu la mguu, yaani nyama ya nyuma chini ya goti, likivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Homa, usaha au goti linalozidi kuwa la moto na jekundu ni dalili za maambukizi, nazo hazisubiri tarehe ya kliniki.

Hatua ya 5: Mwezi wa pili hadi wa sita

Kipindi hiki ndicho cha hatari, kwa sababu ndicho mgonjwa anachojisikia vizuri. Kipandikizi kikishawekwa hakiwi ligamenti siku hiyo. Mwili kwanza huziacha chembe hai za zamani za kipandikizi zife, kisha huingiza mishipa mipya ya damu na kukijenga upya polepole, na katika mchakato huo kipandikizi huwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku ya upasuaji. Udhaifu huo huangukia miezi ya mwanzo, wakati ambapo uvimbe umekwisha, kovu limefunga, na rafiki zake wanamwambia kwamba sasa yuko sawa. Mtu anayecheza bonanza la wafanyakazi katika mwezi wa nne kwa kuwa haumwi anakipima kipandikizi kikiwa bado hakijakomaa.

Kazi ya miezi hii ni nguvu: kuchuchumaa kwa kiasi, kupanda ngazi kwa mguu mmoja, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, kuinuka kwa vidole ili kujenga shavu la mguu, na uzito unaoongezwa kwa mpangilio anaoutoa mtaalamu wa fiziotherapia. Asiye na uwezo wa kwenda kliniki kila wiki aombe programu iliyoandikwa, aifanye nyumbani, kisha arudi kukaguliwa na kuongezewa. Kukimbia kwa mstari kwa kawaida huanza kati ya mwezi wa tatu na wa nne, kwa sharti kwamba goti halina uvimbe na paja limepata nguvu ya kutosha. Mchanga mkavu wa Coco Beach, ambako watu wengi hukimbilia, uachwe kwanza; unadidimia na kulipindisha goti pasipo kutarajia. Lami tambarare au nyasi zilizo sawa ni bora zaidi.

Uvimbe ndio unaoamua kama mazoezi yaongezwe. Asubuhi baada ya mazoezi, lala chali na mguu umenyooka, kisha kwa kiganja sukuma taratibu kutoka upande wa ndani wa goti kuelekea juu, mara mbili au tatu, kana kwamba unafuta. Halafu pitisha mkono upande wa nje kutoka juu kushuka chini huku ukitazama upande wa ndani. Ukiona kijiuvimbe kinarudi na kujaza kale kashimo pembeni ya pia ya goti, maji yapo. Kama jana hayakuwepo, mazoezi ya jana yalizidi kiasi. Punguza, usiache kabisa.

Hatua ya 6: Kujipima

Kliniki kubwa za michezo duniani hutumia mashine ghali kupima nguvu za paja, lakini sehemu kubwa ya vipimo vilivyotumika katika tafiti inaweza kufanyika Mburahati kwa chaki, futi ya fundi na simu. Tafuta sakafu ya saruji isiyoteleza, chora mstari, na uwe na mtu wa kukusimamia. Simama kwa mguu mzima, vidole nyuma ya mstari, ruka mbele kadiri unavyoweza na utue kwa mguu huo huo, ubaki umetulia kwa sekunde mbili bila kugusa chini kwa mguu wa pili. Ukiyumba, ruko hilo halihesabiki. Pima kutoka kwenye mstari hadi kisigino. Jaribu mara mbili kwa mazoezi, kisha pima mara mbili na uchukue iliyo ndefu. Halafu fanya hivyo hivyo kwa mguu uliotibiwa. Ikiwa mguu mzima umeruka sentimita 150 na uliotibiwa 132, gawanya 132 kwa 150 na uzidishe kwa mia: unapata asilimia 88. Kiwango kinachotumika sana katika tafiti ni asilimia 90 au zaidi, hivyo bado hujafika. Baada ya hapo hufuata kuruka mara tatu mfululizo, kuruka mara tatu kwa kuvuka mstari huku na huku, na kuruka mita sita kwa kuhesabiwa muda.

Vipimo hivi vina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba mguu mzima nao hudhoofika wakati wa kuuguza, kwa hiyo asilimia 90 ya mguu dhaifu si kitu cha kujivunia. Dawa yake ni kuupima mguu mzima mapema, kabla ya upasuaji ikiwezekana, na kuiandika namba hiyo mahali salama. Wa pili ni kwamba mtu anaporuka kwenda mbele, kazi kubwa hufanywa na nyonga na kifundo cha mguu, na goti linaweza kujificha nyuma yao. Ndiyo maana inafaa kuongeza kuruka juu kwa mguu mmoja, ukipiga alama ya chaki ukutani, kwa kuwa hapo goti halina pa kujificha. Kama kuna ukumbi wa mazoezi wenye mashine ya kunyoosha goti, pima pia uzito ambao kila paja linaweza kuunyanyua peke yake, ukiwa umeruhusiwa na mtaalamu wako.

Mtu akurekodi kwa simu kutoka mbele unapotua na unapochuchumaa kwa mguu mmoja. Goti linaloingia ndani kuelekea mguu wa pili linarudia mwendo ule ule uliolivunja, hata kama sentimita zote zimetimia.

Hatua ya 7: Kutoa ruhusa

Miezi huhesabiwa kuanzia siku ya upasuaji, si siku ya kuumia. Nalisema hili kwa sababu makocha wengi huanza kuhesabu mapema. Utafiti wa watafiti wa Norwei na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 106 kwa miaka miwili, ukaona kwamba kwa kila mwezi ambao mtu alichelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, kiwango cha kuumia tena goti kilipungua kwa asilimia 51. Katika waliorudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka bila kufaulu vipimo, asilimia 38.2 waliumia tena. Katika waliofaulu, asilimia 5.6. Kundi la waliofaulu lilikuwa dogo, hivyo namba hizo zisichukuliwe kama kipimo cha mwisho, lakini utafiti mwingine wa mwaka huo huo, uliofanyika Qatar kwa wachezaji 158 wa kulipwa, nao ulikuta kwamba walioachiwa bila kutimiza vigezo vyote walikuwa na hatari ya kukata kipandikizi takribani mara nne zaidi. Virgil van Dijk, beki wa klabu ya Liverpool ya Uingereza, aliyeumia ACL Oktoba 2020 na kufanyiwa upasuaji mwezi huo huo, alirejea katika mechi za ligi Agosti 2021, na nyuma yake kulikuwa na kila kitu ambacho klabu hiyo ingeweza kununua. Mchezaji wa ndondo anayetaka kurudi kwa miezi mitano awaze jambo hilo.

Umri mdogo nao haumkingi mtu. Uchambuzi wa mwaka 2016 ulionesha kwamba kwa wastani asilimia 15 ya waliofanyiwa upasuaji huumia ACL tena, iwe ya goti lile lile au la pili, na kwa walio chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni ni asilimia 23.

Halafu kuna woga. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 81 ya wagonjwa walirudi katika mchezo wa aina fulani, 65 walirudi katika kiwango chao cha zamani, na 55 tu walirudi katika mashindano. Na kutokuwa tayari kisaikolojia ni miongoni mwa sababu za tofauti hiyo. Watafiti wa Australia waliandaa dodoso la maswali 12 mwaka 2008 kwa ajili ya kupima jambo hilo. Kocha asiye nalo anaweza kuuliza kwa maneno yake mwenyewe, wakiwa wawili na si mbele ya timu: unaogopa kuumia tena? Unaliwaza goti unapoenda kugombea mpira? Una uhakika litakushika ukigeuka? Mchezaji anayejibu kwa kusitasita aongezewe wiki za mazoezi ya pamoja, asiitwe mwoga.

Hatua ya 8: Kurudi kwa ngazi

Aanze na mazoezi ya timu bila kugongana, kisha mazoezi kamili, kisha dakika chache za mechi ya kirafiki, na dakika ziongezwe mechi hadi mechi. Uwanja wa kwanza uwe ulio sawa. Viwanja vyetu vya vumbi vyenye mashimo, ambavyo wakati wa masika hugeuka matope, havifai kwa siku hiyo hata kama ni fainali ya mtaa.

Kuanzia siku hiyo programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ iwe sehemu ya kila mazoezi, walau mara mbili kwa wiki, kwa timu nzima na si kwa aliyeumia peke yake. Inachukua takribani dakika ishirini na haihitaji kifaa zaidi ya mpira na alama za kuzunguka. Ilipojaribiwa kwa vijana wa kiume wa Lagos, Nigeria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, majeraha kwa ujumla yalipungua kwa asilimia 41, katika mazingira yanayofanana na yetu kuliko yale ya Ulaya. Kwa timu za wasichana ni ya lazima zaidi, kwa kuwa wanawake huumia ACL mara kadhaa zaidi ya wanaume katika michezo ya aina moja.

Mazoezi ya nguvu yaendelee mara mbili kwa wiki katika msimu wote wa kwanza, na kile kipimo cha uvimbe kifanyike kila asubuhi baada ya mechi. Maji yakionekana, mechi inayofuata aikose. Yakiendelea kuonekana kwa wiki mbili, au goti likiachia hata mara moja, arudi kwa daktari kabla ya kuvaa tena viatu vya mpira.